Kuusoma weupe kwa jicho la ufeministi: vidokezo 11 kwa wanafunzi wa uzamivu

Vyuo vikuu vimejaza maktaba nzima kwa vitabu kuhusu watu waliotawaliwa. Kuhusu aliyetawala, yule aliyeshika kalamu na daftari, rafu ni fupi mno. Masomo ya weupe yalizuka kuliziba pengo hilo. Yanauliza weupe ulijengwaje, unalindwa na nani, na faida yake inaishia mfukoni mwa nani. Ufeministi unaongeza swali ambalo likikosekana majibu mengine yote yanachechemea: mwanamke yuko wapi katika ujenzi huo? Ni mama, bibi mwenye nyumba, yaya, mwalimu au mpigania haki?

Kama unafikiria kuifanya mada hii kuwa tasnifu yako, uwe Dar es Salaam, Nairobi, London au Chicago, haya hapa ya kuanzia. Yote yanarudi kwenye jambo moja: fuatilia weupe unafanya kazi gani, na uwasikilize kwanza wale waliolazimika kuujua ili waishi.

1. Jua unachokisoma kabla hujaanza kukisoma

Katika taaluma hii, neno weupe halisemi habari za ngozi ya mtu wala tabia yake. Linataja mpango wa kugawa ardhi, mishahara, heshima na ulinzi wa sheria. Mpango unaojificha kwa kujiita hali ya kawaida. Na mpango huo una tarehe. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto naye ni mtumwa, hata kama baba ni bwana shamba mwenyewe. Mwaka 1691 koloni hilohilo likaamua kuwa mtu mweupe akioana na Mweusi, chotara au mwenyeji wa asili, afukuzwe. Mwanamke Mwingereza aliye huru akizaa nje ya ndoa na Mweusi au chotara, alitakiwa kulipa faini ya pauni 15. Akishindwa, atumikishwe miaka 5. Mwaka 1790 sheria ya uraia ya Marekani ikaweka sharti kwamba mgeni anayeomba uraia awe mtu huru mweupe.

Ziweke sheria hizo mezani pamoja. Kabla weupe haujawa sifa ya raia, ulipitia kwanza katika tumbo la mwanamke. Mimba ya mwanamke Mweusi ilihesabiwa kuwa mali ya bwana wake, na mimba ya mwanamke mweupe iliwekewa ulinzi na adhabu ili ukoo wa wenye mali usichanganyike. Anayekuambia jinsia ni sura ya ziada utakayoibandika mwishoni mwa tasnifu, mwonyeshe sheria hizo.

2. Anza na Ida B. Wells, kisha uje kwa wengine

Orodha nyingi za kusoma huanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Zinamtaja Peggy McIntosh wa Chuo cha Wellesley, aliyeorodhesha mwaka 1988 fursa za upendeleo anazozipata kila siku kwa kuwa mweupe. Kisha zinakuja kwa Ruth Frankenberg na kitabu chake cha 1993, *White Women, Race Matters*. Wasome wote wawili. Lakini ukianzia kwao, utaamini kuwa weupe uligunduliwa na weupe wenyewe.

Rudi Memphis, Machi 1892. Thomas Moss, Calvin McDowell na Will Stewart, Weusi watatu wa duka la vyakula lililokuwa likimnyang'anya wateja mwenye duka mweupe wa jirani, walitolewa jela na kundi la watu na kuuawa. Moss alikuwa rafiki wa Wells. Wells, akiwa mwandishi wa habari, alianza kuchunguza mauaji ya aina hiyo kesi baada ya kesi, akitumia taarifa za magazeti ya weupe wenyewe. Kisingizio kilichozoeleka kilikuwa kwamba Weusi wanaouawa wamewabaka wanawake weupe. Wells alionyesha kuwa mara nyingi shtaka hilo halikuwepo kabisa, na pengine palikuwa na mapenzi ya hiari yaliyogeuzwa kuwa ubakaji. Mwezi Mei ofisi ya gazeti lake ilivunjwa naye akatishiwa kifo. Mwaka huohuo alichapisha *Southern Horrors*, na mwaka 1895 *A Red Record*.

Tazama alichokifanya: alionyesha kwamba usafi wa mwanamke mweupe ulitumiwa kulinda biashara na utawala wa mwanamume mweupe. Huo ndio uti wa mgongo wa taaluma hii, uliandikwa karne nzima kabla ya Frankenberg. Baada yake msome W.E.B. Du Bois, hasa insha yake ya 1920 kuhusu roho za watu weupe na kitabu chake cha 1935, *Black Reconstruction*, anapoeleza kuwa mfanyakazi mweupe maskini alilipwa pia ujira wa heshima. Kisha Toni Morrison na bell hooks, wote mwaka 1992. Chora jedwali lenye safu tatu: nani aliandika, lini, na alikuwa akitazama kutoka wapi. Litakuokoa siku ya utetezi.

3. Ufeministi nao uupeleke kizimbani

Usiufiche uozo kwa sababu ni wa jamaa. Tarehe 3 Machi 1913 wanawake waliandamana Washington kudai haki ya kura. Wells, aliyekuja na ujumbe wa Illinois, aliambiwa aandamane nyuma pamoja na wanawake Weusi ili wajumbe wa Kusini wasichukie. Alikataa. Alisubiri kando ya barabara, na wenzake wa Illinois walipopita akaingia katikati yao na kuendelea na safari.

Mstari huo wa nyuma haukwisha mwaka 1913. Utauona ukijadiliwa katika tamko la Combahee River Collective la 1977, katika makala ya Hazel Carby ya 1982 iliyowataka wanawake weupe wasikilize, na katika kitabu cha Aileen Moreton-Robinson cha mwaka 2000, *Talkin' Up to the White Woman*. Moreton-Robinson ni mwanamke wa jamii ya Goenpul kutoka Quandamooka, Australia, na kitabu hicho kilitokana na tasnifu yake ya uzamivu. Anaonyesha jinsi wasomi weupe wa kifeministi walivyowaandika wanawake Waaborijini kama kitu cha kuelezwa, huku weupe wao wenyewe wakiuacha bila jina. Kisome mara mbili: mara ya kwanza kwa hoja, mara ya pili uone jinsi tasnifu inavyojengwa.

4. Bana swali mpaka lipige yowe

"Wanawake weupe na ubaguzi nchini Marekani" ni jina la rafu. Swali la tasnifu lina mahali, lina miaka, na lina chanzo unachoweza kukifikia kwa miguu yako au kwa kompyuta yako.

Mfano mzuri ni Stephanie Jones-Rogers na kitabu chake cha 2019, *They Were Her Property*. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa sheria ilimpa mume mamlaka juu ya mali ya mkewe, kwa hiyo wake weupe wa Kusini walikuwa watazamaji tu wa utumwa. Yeye akauliza swali jembamba: je, wanawake weupe walioolewa walimiliki watumwa wao wenyewe, na waliwasimamiaje? Kisha akaenda kwenye simulizi za watu waliowahi kuwa watumwa, zilizokusanywa miaka ya 1930 chini ya mradi wa serikali wa kuwaajiri waandishi. Mashahidi hao walijua vizuri wao ni mali ya nani. Walimtaja bibi aliyewarithi kwa baba yake, aliyewanunua, aliyewauza, aliyewachapa. Jones-Rogers akayalinganisha maneno yao na kumbukumbu za mahakama na magazeti, na picha ya mke mpole asiyejua kinachoendelea shambani ikabomoka.

Nyaraka hizo zilikuwepo miaka yote. Kilichobadilika ni nani anahesabiwa kuwa shahidi. Kabla hujaandika pendekezo lako la utafiti, jiulize: katika mada yangu, ni shahidi gani ambaye bado hajaitwa?

5. Shika kitu kimoja mkononi

Nadharia ya weupe inaweza kuelea angani kama moshi. Dawa yake ni kitu kimoja unachoweza kukigeuzageuza. Chukua kadi ya Shirley. Katikati ya karne ya 20, kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia filamu picha ya mfano: mwanamke mweupe, amevaa nguo zenye rangi za kutofautisha, anaitazama kamera. Fundi alirekebisha mashine yake mpaka ngozi ya mwanamke huyo itoke sawasawa. Ikitoka vizuri, kazi imekwisha. Mafundi walimwita Shirley, kwa jina la mwanamitindo wa kwanza, na jina likabaki hata wanamitindo walipobadilika.

Matokeo yake familia nyingi za Weusi ziliyaona kwenye albamu zao: nyuso zimezama gizani, meno na macho tu ndiyo yanayoonekana, hasa pale Mweusi na mweupe walipopigwa picha pamoja. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, aliyeandika historia hiyo mwaka 2009, anaeleza kwamba malalamiko yaliyoisukuma kampuni kuboresha filamu yalitoka pia kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliotaka bidhaa zao za kahawia zionekane vizuri. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Sasa ongeza jicho la kifeministi. Ngozi ya mwanamke mweupe imefanywa kipimo cha dunia, na papo hapo mwanamke huyo mwenyewe amefanywa chombo cha fundi: mzuri, kimya, wa kutazamwa. Weupe unampandisha na unamtumia kwa pigo moja. Ukiweza kueleza mambo hayo mawili bila kuliacha hata moja, tayari una sura ya tasnifu. Kitu chako kinaweza kuwa sare ya yaya, fomu ya ajira, tangazo la sabuni au ramani ya mtaa. Muhimu ni kuuliza nani alikitengeneza, kwa ajili ya nani, na nani hakufikiriwa.

6. Ukiwahoji weupe, uliza habari za mlango, jiko na mtaa

Ukimwuliza mtu, "Unaonaje suala la rangi?", atakupa hotuba. Frankenberg aliwahoji wanawake weupe 30 huko California katikati ya miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya kazi yake imejengwa juu ya simulizi za maisha: walikulia mtaa gani, nani alikuja nyumbani, nani hakuja, shuleni waliketi na nani. Hapo ndipo ramani ya ubaguzi ilipojichora. Mtu aliyesema alikulia mahali pasipo na Weusi alikuja kumtaja, dakika chache baadaye, mwanamke Mweusi aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwao. Alikuwepo kila siku, ila hakuhesabiwa.

Kwa hiyo tayarisha maswali ya kushikika. Nani aliingia kwa mlango wa mbele? Nani alipika, na alikula wapi? Mlimwita kwa jina gani, naye aliwaitaje? Nyumba ilinunuliwa lini, na kwa fedha kutoka wapi? Andika pia ukimya, kicheko cha wasiwasi, na mahali mhojiwa alipobadilisha mada. Frankenberg aliyapa jina maneno ya aina ya "mimi sioni rangi": kuikwepa rangi, na pamoja nayo kuyakwepa madaraka. Utayasikia maneno hayo mara nyingi. Yasikilize kwa utulivu, kisha uliza swali linalofuata kuhusu jiko.

7. Sikiliza kutoka jikoni

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na aliyekitandika kila asubuhi anawajua vizuri zaidi. Wafanyakazi wa ndani ni miongoni mwa wajuzi wakubwa wa weupe, maana ujira wao ulitegemea kuusoma uso wa mwajiri kabla hajafungua mdomo. Patricia Hill Collins aliujengea hoja ujuzi huo mwaka 1986, alipoandika juu ya mtu wa nje aliye ndani: mwanamke Mweusi anayeijua familia nyeupe kwa siri zake zote, naye kamwe si mmoja wao.

Judith Rollins, mwanasosholojia Mweusi wa Marekani, aliamua kuingia mwenyewe. Kwa utafiti uliozaa kitabu chake cha 1985, *Between Women*, aliajiriwa kama mfanyakazi wa ndani katika nyumba kadhaa eneo la Boston. Anaeleza jinsi mwajiri na mwanawe walivyokaa wakazungumza mambo yao ya ndani mbele yake kana kwamba chumba kina ukuta na meza tu. Anaeleza pia jinsi waajiri walivyopunguza joto la nyumba walipotoka, kama inavyofanywa nyumba isipobaki na mtu, ilhali yeye bado yumo anafanya kazi. Hakuna tusi lililotamkwa. Mkono mmoja umegusa swichi, na tumeelewa yote. Na aliyeigusa ni mwanamke mwenziwe, ambaye huenda siku hiyo ametoka kwenda kazini kwa sababu kuna mwanamke mwingine wa kumpigia deki.

Kusini mwa Afrika, Jacklyn Cock alifanya kazi ya aina hiyo katika *Maids and Madams*, 1980. Kwa Tanzania, Janet Bujra aliandika *Serving Class*, 2000, akifuatilia jinsi kazi ya ndani iliyokuwa ya wanaume enzi ya ukoloni, ya "boi", ilivyogeuka kuwa ya wasichana. Kama mada yako ina nyumba ndani yake, hivi vitatu usiviruke.

8. Fungua kabati la nyumbani

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuazima historia ya Mississippi ili aandike kuhusu weupe na wanawake. Mwaka 1887 mwandishi wa Kijerumani Frieda von Bülow alifika Zanzibar na pwani ya bara kwa shughuli za uuguzi za wazalendo wa Kijerumani, kisha akarudi kwao na kuandika riwaya za kikoloni zilizompa jina. Mwaka 1906 utawala wa Kijerumani ulizuia ndoa kati ya Wazungu na wenyeji katika Afrika Mashariki yake, na mwaka 1907 kilianzishwa Ujerumani chama cha wanawake cha kuunga mkono makoloni, kilichohimiza wasichana wa Kijerumani wapelekwe huko wakawe wake na mama wa jamii ya Kizungu. Lora Wildenthal ameieleza historia hiyo vizuri katika *German Women for Empire*, 2001.

Upande wa Kenya, wanawake wa walowezi waliunda East Africa Women's League mwaka 1917 kudai kura, na mwaka 1919 wanawake wa Kizungu wakaipata. Waafrika walikuja kuwachagua wajumbe wao wenyewe wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, tena kwa masharti ya elimu na kipato. Miaka hiyo 38 katikati ni tasnifu inayosubiri mwenyewe. Kwa weupe wa leo, msome Janet McIntosh, *Unsettled*, 2016, kuhusu Wakenya weupe na jinsi wanavyojieleza kuwa wenyeji. Usimchanganye na Peggy.

Na umsome Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said wa Zanzibar, aliyeolewa na Mjerumani akaishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake za 1886 zinawajibu Wazungu waliodhani wanawajua wanawake wa Mashariki. Kitabu hichohicho kinautetea utumwa. Hapo utafiti unanoga: mwanamke mmoja anadharauliwa na weupe Hamburg, naye alikulia katika jumba lililosimama juu ya migongo ya watumwa Waafrika. Usimpunguze upande wowote.

La vitendo: Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina majalada ya enzi ya Kijerumani, na mengi yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wa leo husomea darasani. Tenga muda wa kujifunza. Omba mapema kibali cha utafiti, COSTECH kwa Tanzania Bara na NACOSTI kwa Kenya.

9. Sema umesimama wapi, kisha fanya kazi

Donna Haraway alieleza mwaka 1988 kwamba kila ujuzi una mahali unapotazamia; anayedai kuona kutoka kila mahali anaficha kiti chake. Ndiyo maana tasnifu za kifeministi huwa na sehemu ya mtafiti kujieleza. Iandike kama sehemu ya mbinu: nafasi yangu ilinifungulia milango ipi, ilinifungia ipi, na nilifanya nini kuhusu hiyo iliyofungwa. Mtafiti Mwafrika anayemhoji bibi wa Kizungu Karen, Nairobi, ataonyeshwa adabu fulani na kunyimwa siri fulani. Mtafiti mweupe atapewa siri hizo kwa kudhaniwa mwenzao, na kuna mengine jikoni hataambiwa kamwe. Ukitokea familia ya Kiarabu, Kihindi au ya tabaka la juu, una mengine tena.

Sara Ahmed alionya mwaka 2004 kuhusu mtindo wa weupe kutangaza weupe wao: tamko la "mimi nakiri ubaguzi wangu" linaweza kumfanya msemaji ajione amekwisha tenda, wakati hakuna kilichosogea. Kurasa mbili za kueleza nafasi yako zinatosha. Sura nzima ya machozi ya mtafiti ni weupe uleule umerudi kukaa kiti cha mbele.

10. Dunia ni kubwa kuliko Marekani

Vitabu vingi vinatoka Marekani, na ukizembea utapima kila jamii kwa kipimo cha Georgia au Alabama. Gloria Wekker, katika *White Innocence*, 2016, anaonyesha Waholanzi wanaojiona wema wasiojua ubaguzi, huku wakiwa na karne nne za ukoloni mgongoni. Kabla yake Philomena Essed alikuwa amekusanya ushahidi wa ubaguzi wa kila siku nchini humohumo. Ujerumani, May Ayim, Katharina Oguntoye na Dagmar Schultz walitoa mwaka 1986 kitabu kilichowapa Wajerumani Weusi sauti, baada ya Audre Lorde kuja kufundisha Berlin na kuwahimiza wanawake hao waandike. Afrika Kusini, Melissa Steyn alichunguza mwaka 2001 weupe uliopoteza dola. Brazil, mwanasaikolojia Mweusi Cida Bento alitetea tasnifu yake Chuo Kikuu cha São Paulo mwaka 2002, akieleza mapatano ya kimyakimya ambayo kwayo weupe hulindana katika ajira.

Kila mmoja wao alianzia kwenye historia ya nchi yake. Fanya hivyo. Na kila unapotaka kuandika "weupe ni", jaribu kuandika "weupe ulifanya", kisha utaje mahali na mwaka.

11. Chagua msimamizi, chagua chuo, tunza watu wako

Kabla hujakubali nafasi, soma maandishi ya msimamizi mtarajiwa na uongee na wanafunzi wake wa sasa. Uliza mambo matatu: anasoma rasimu kwa muda gani, anawatetea wanafunzi wake mbele ya jopo, na ameshawahi kusimamia kazi inayowakera wakubwa? Msimamizi anayekuomba ulainishe neno "ubaguzi" kwenye pendekezo atakuomba ulainishe na matokeo.

Tazama na sheria za mahali. Mwaka 2023 majimbo ya Florida na Texas yalipitisha sheria za kubana programu za usawa na ujumuishi katika vyuo vikuu vya umma, na mada kama hii iko karibu na moto huo. Hata penye ofisi za usawa, msome Ahmed, *On Being Included*, 2012. Aliwahoji wahusika wa ofisi hizo Uingereza na Australia, akaonyesha jinsi taasisi inavyoweza kuandika sera nzuri ili isilazimike kubadilika. Weka kumbukumbu za vikao na barua pepe zako zote, na tafuta mapema mwanajopo wa nje anayeijua mada.

Usisome peke yako. Kusanya watu wanne au watano mkutane kila mwezi, kila mmoja alete kurasa 10. Katika kikundi hicho awepo anayejua sheria, anayejua historia, na ikiwezekana mtu aliyewahi kufanya kazi ya ndani au kulelewa na aliyeifanya. Na tasnifu ikikamilika, andika muhtasari wa kurasa 15 kwa Kiswahili, uupeleke kwa waliokupa maneno yao. Jopo litakupa shahada. Hao ndio watakaokuambia kama ulichokiandika ni kweli.